Sanduku la Vitabu la Msellem

Kaeni chini wanangu, nyote wawili, na wewe Abdillahi kaa upande huu ambao sikio langu bado lasikia, wala usitazame mlango kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nimechoka. Si maradhi peke yake yaliyonichosha. Mmenichosha nyinyi, kwa kuteta juu ya kitanda changu kama kwamba nimeshazikwa. Leo nasema mimi, na asiyeweza kunyamaza na atoke akasikilizie ukutani kwa majirani.

Nyumba hii na minazi yake, kadhi atawagawia kama sheria ilivyo, hapo sina neno. Wosia wangu ni wa sanduku la marehemu babaenu, maana ndilo linalowavunja. Wewe Abdillahi umeapa utalichoma Ijumaa baada ya sala, vitabu na mbao zake, na bintiyo Tumu umtoe shule, ati hadithi zimemharibu. Na wewe Mahfudha wasema mtoto aachiwe asome lolote, karatasi haimng'ati mtu. Ndivyo mlivyo tangu utotoni, mmoja akisema maji ni ya baridi, mwengine huungua.

Babaenu kila alipokwenda Mombasa kuchukua vitambaa vya duka alirudi na riwaya kwapani. Mimi nilisomeshwa chuoni, herufi za Kurani nazijua, hizi za shule sizijui. Basi baada ya alasiri mimi nasuka ukili wa mkeka, yeye anisomea. Tulicheka, tuliogopa, na akifika pahali pa aibu alikohoa akapindua ukurasa, nami nikamwambia, "Msellem, rudi nyuma, umeruka." Alipofariki sanduku likawa bubu mpaka Tumu alipojua kusoma.

Yule mtoto ndiye aliyenirudishia alasiri zangu. Akikutana na neno zito aliuliza, nikamjibu kadiri ya umri wake, na lililomzidi nilimwambia funga, ngoja ukue. Kile cha jalada jekundu, cha wanaume wa mjini na wake za watu, nimekifunga ndani ya kanga yangu ya zamani, kwa kuwa babaenu aliponisomea, hata mimi mtu mzima nilishika tama. Mahfudha, nawe sikia hapo: si kila kinachopikwa nyumbani hupakuliwa mtoto.

Kisha nikalazwa Malindi, na Tumu akaendelea peke yake. Akafika pahali ambapo mama mzazi anafariki kwa uzazi, na mamaake mwenyewe, Kibibi, tumbo liko mbele. Basi mtoto akawa halali, analia usingizini, anashika kanga ya mamaake hata asimwache aende kisimani. Nyinyi mkasema amepagawa. Abdillahi, ulimwita mwalimu akamsomea, akamwandikia kombe la zafarani, aya zikaoshwa kwa maji ya marashi, mtoto akanywa na adabu zake, na kesho yake akalia vilevile. Hata kitabu kilipoonekana chini ya godoro ulimpiga, hukumuuliza aogopa nini. Kombe ni dawa, sikatai, lakini halijibu swali.

Niliporudi alinijia sikioni akaniuliza, "Nyanya, mama atakufa?" Sikumdanganya. Nilimwambia wako wanaokufa, nami nimewaosha baadhi yao, na walio wengi hupona wakanyonyesha, na babaake mwenyewe alinitaabisha kutwa kucha na mimi huyu hapa. Alilala siku ile kama mtoto mchanga. Kumbe ilikuwa ni hilo tu.

Sikulaumu sana, mwanangu. Uliogopa, na mwenye hofu hushika fimbo kabla ya kuuliza. Lakini wataka kuchoma kitu ambacho hujakifungua hata siku moja.

Sisi hapa msichana akivunja ungo humpa somo, mwanamke wa kumfunza ya utu uzima, amuulize asiyothubutu kumuuliza mamaake. Hatumzibi masikio, wala hatumwachi ajiokotee njiani, kwani asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na kitabu ni vivyo hivyo, chataka somo wa kukaa kando ya mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa somo wake, na mimi naondoka.

Nipeni maji... Basi.

Wosia wangu ni huu. Sanduku, alilonipa babaenu mwenyewe yu hai, ni la Tumu. Yeye si mrithi wangu maadamu babaake yuhai, kwa hivyo naweza kumuusia, na halifiki thuluthi ya mali ninayoruhusiwa kuusia, hata likipimwa na mchoyo. Mali ya mwenyewe haichomwi. Na ufunguo huu, Abdillahi, nyoosha mkono, ni wako. Usimtazame dadaako. Yeye yuko Ngomeni na mumewe, na nikimpa yeye atafungua vyote kwa siku moja. Utasoma wewe kwanza. Kinachomzidi mtoto ukifunge, umwambie sababu, umwambie na lini atapewa. Kinachomfaa mkisome pamoja, na akikuuliza ujibu. Ukishindwa, mpeleke kwa shangaziye, na wewe Mahfudha umpokee bila kumcheka kakaako. Shule asitolewe. Atakayevunja hili sina radhi naye, na sijawahi kulisema neno hilo katika nyumba hii.

Mungu awape kuvumiliana. Kibibi amjaalie ajifungue salama, na mtoto akiwa wa kike msimpe jina langu, mtapata wawili wakorofi. Niliyemkosea anisamehe, nami nimewasamehe nyinyi, hata kelele zenu.

Sauti yaniishia... Chini ya mto wangu mna kitabu. Kile kile. Tumu amekunja ukurasa pale yule mama wa hadithini alipofariki, hakuthubutu kuendelea, nami sijui binti aliyemwacha kapata wapi pa kukaa. Sitaki kwenda bila kujua. Mahfudha, mwite Tumu, asisimame mlangoni, akae hapa mguuni pangu. Na wewe Abdillahi, kifungue... Soma wewe, mwanangu. Polepole. Na ukifika pahali pazito... usikohoe ukaruka, kama babaako.