Mama Ntumba Charlotte, Aliyesomea kwenye Kituo cha Treni

Mama Ntumba Charlotte alizaliwa Kolwezi tarehe 11 Novemba 1974, mtoto wa kwanza wa Tshiamala Henri, mfanyakazi wa mgodi aliyetoka Kasai, na Kanku Simone. Daftari la parokia linaonyesha alibatizwa Pasaka iliyofuata.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1980, kisha sekondari kwa masista. Mwezi Machi 1993, akiwa mwaka wa mwisho, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa majumbani na wenyeji wa Katanga waliowaita wageni. Watu wake walilala kituo cha treni, chini ya turubai, wakingoja behewa. Baba yake aliugua hata asiweze kusimama.

Rafiki yake wa darasani, Mbombo Tatiana, binti wa wenyeji, kutoka kijiji cha Mutshatsha, alikuwa akiandika masomo juu ya karatasi ya kaboni ili zitoke nakala mbili. Nakala ya pili aliifikisha kituoni chini ya sombe, majani ya muhogo, maana jirani zake hawakupenda aende kule. Charlotte alimlalamikia kwamba haisomeki: “Finya bic, Tatiana. Unaandika kama mwenye njaa.” Wote wawili walikuwa na njaa.

Asubuhi ya mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, tarehe 5 Julai, uvumi ulienea kwamba treni ingefika siku hiyo. Tatiana alimfuata kituoni.

“Kuya, twende. Kiti yako ingali.”

Charlotte alimtazama baba yake. “Nikienda na treni ikuye, nani atamubeba tata? Enda weye. Utakuya kuniambia baliuliza nini.”

Treni haikufika siku hiyo, wala wiki hiyo. Ilifika tarehe 24. Charlotte alimbeba baba yake mgongoni hadi kwenye behewa, na humo ndimo mzee alimofariki, kabla ya kufika Kamina.

Huko Mwene-Ditu, mji wa Kasai waliposhukia, hakuna shule iliyompokea bila hati zake za Kolwezi. Aliuza chumvi. Mwaka 1998 aliolewa na Kabeya Stany, na mwaka 2006 walirudi Kolwezi. Tatiana alimtafutia hati zile, ofisi kwa ofisi, miaka minne. Mwaka 2011, akiwa na miaka thelathini na sita, Charlotte alifanya mtihani ule wa Serikali kati ya watoto waliomwita mama, akapata asilimia hamsini na nne. Akafundisha Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako kuta za darasa zilipasuka kwa mashimo ya wachimba madini yaliyopita chini, na hakumfukuza mtoto aliyekosa hati.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alifariki nyumbani tarehe 3 Mei 2023.

Ameacha mumewe, Tata Kabeya. Watoto watatu, Fidélie, Kalumba na Abigaëlle. Na mama yake mzazi, aliye hapa mbele yetu. Mama Tatiana, yule rafiki yake wa darasani, aliomba asitajwe. Familia imekataa: ameandikwa hapa miongoni mwa ndugu wa damu.

Mungu ampe mapumziko, na amani isiyomhamisha tena.