Tuta la Nne la Fintan Gaughan

Fintan Gaughan alizaliwa tarehe 9 Februari 1946 kijijini Carrowmoyle, Kaunti ya Mayo, Ireland, mtoto wa tano wa Anthony na Delia. Alisoma shule ya hapo hapo kijijini hadi miaka kumi na minne. Hesabu zilimkataa katakata, ila kunyoosha mstari hakuhitaji rula.

Mwaka 1964 aliajiriwa kutengeneza barabara za kaunti, akastaafu 2011. Moyo wake lakini ulikuwa nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya viazi vya mapema. Mbegu alizichipuza dirishani ndani ya trei za mayai, akazipanda Siku ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi, kwa kamba na vigingi viwili, na viazi akavichimbua Siku ya Petro na Paulo, 29 Juni. Jirani akitangulia kula viazi vipya, Fintan alinuna wiki nzima.

Tarehe 4 Agosti 1973 alimwoa Attracta Lavelle. Matuta ya Attracta yalipinda, na mumewe alimtania kwa hilo miaka hamsini.

Ugonjwa wa kusahau ulimwanza 2021. Machi mwaka huu alipanda matuta matatu mbele ya macho ya mkewe. Kesho yake akayafukua aone kama viazi vimeota, akaviacha juani. Attracta akavirudishia udongoni kimyakimya, asije mzee akajua kaharibu bustani yake mwenyewe. Ikawa hivyo karibu kila siku. Alichoomba mama huyu ni kimoja tu: mumewe afike 29 Juni, ale viazi vyake.

Asubuhi moja Fintan alisimama akiyatazama matuta.

"Nani kapanda huu upuuzi?"

"Wewe, mzee."

"Haiwezekani. Yamepinda."

Attracta alicheka, kisha akaingia ndani akalia.

Fintan hakuifikia 29 Juni. Alifariki nyumbani Jumamosi, 21 Juni 2025.

Jana Attracta alikwenda kuchimbua viazi vya kuwapikia waombolezaji. Matuta matatu yakatoa vidogo kama kokoto. Nyuma ya banda akakuta la nne, limenyooka, viazi vimejaa. Tumeulizana sote, na hatuelewi hata sasa: Machi hiyo marehemu alikuwa haujui hata mlango wa chumba chake.

"La nne si langu," anasema Attracta. "Litazameni lilivyonyooka."

Ameacha mjane Attracta, binti yao Una, wajukuu wawili na dada yake Concepta. Viazi vya tuta la nne vitaliwa leo baada ya mazishi, siku tano kabla ya wakati wake. Majirani wote bado wanasubiri vyao. Fintan na apumzike kwa amani, akilijua hilo.