Mbao za Sanduku la Mama Salomé

Mheshimiwa Mkuu wa Mji wetu wa Kamina. Mheshimiwa Meja, unayewakilisha ndugu zetu wa kambini. Mchungaji Élisha, uliyetufungulia kwa sala. Wakubwa wa ofisi na wenzangu wa meza. Wazee wetu mliokwisha kustaafu. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe Mama Salomé, uliyevaa leo kitambaa cha kwaya ya akina mama, ambaye kwa ajili yako tumekusanyika: nawasalimu wote kwa heshima. Kama nimeruka cheo cha mtu naomba anisamehe, maana sijawahi kusimama mbele ya watu wengi namna hii.

Jina langu ni Isaïe. Nimetumwa kumuaga Mama Salomé, mpiga taipu wa ofisi ya mji, kwa niaba ya watumishi wote. Ningefurahi kama kazi hii angepewa mwingine. Si kwamba simpendi. Ni kwamba mimi ndiye nitakayechukua namba yake.

Kwa wageni wasiojua desturi za ofisi zetu, nieleze kidogo. Asiye na namba katika daftari la watumishi anafanya kazi, anatumwa, anakaripiwa kama wengine, lakini siku ya mshahara haitwi. Mji hauna uwezo wa kuongeza namba mpya, kwa hiyo kijana anayeingia huketishwa kando ya mzee, angoje mzee aiache yake kwa kustaafu au kwa kufa. Mimi niliketishwa kando ya Mama Salomé vita hivi vya pili vilipoanza. Kila asubuhi nilimwuliza, "Mama, umeamkaje?" Naye alinijibu kwa sauti ya kufika hadi barazani: "Minyi niko muzima, Isaïe. Usikasirike, mutoto yangu. Kesho utauliza tena."

Ofisi nzima ilicheka, nami nikacheka. Lakini, ndugu zangu, ni mtoto gani aliyelelewa na wazazi waaminio anayemwuliza mama hali yake, kisha akavunjika moyo kusikia kwamba ni mzima?

Nimsifu sasa, maana anastahili. Barua nyingi zilizotoka katika ofisi yetu, tangu wengi wetu hatujazaliwa, zilipita katika vidole vyake. Treni zilipokoma kuja na utepe wa mashine haukupatikana tena, wengine walisema taipu imekufa. Yeye aliweka karatasi ya kaboni mbele ya karatasi nyeupe, akapiga juu ya kaboni, na maneno yakatoka. Ndivyo tulivyoandikia vyeti vya watu waliokimbia mapigano ya kaskazini, waliofika hapa kwa miguu bila hata jina katika karatasi. Macho yake yamechoka. Hivi karibuni ilibidi mtu amsomee, yeye apige. Msomaji huyo nilikuwa mimi.

Mama Salomé pia ndiye aliyepiga taipu bajeti ya mji huu mwaka baada ya mwaka. Alijua kwamba kila mwezi fungu la mshahara wake lilikatwa kwa ajili ya uzee wake. Pesa za nchi zikabadilishwa jina, zikabadilishwa tena, na katika kila jina jipya lile fungu lilizidi kuyeyuka. Katika bajeti palibaki neno "Wastaafu", na mbele yake, badala ya hesabu, kistari kifupi. Kistari hicho alikipiga yeye mwenyewe, kwa kidole chake.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Mji huu unaishi kwa ushuru wa soko, kwa namba za baiskeli, kwa vibali vya kuuza pombe. Vita vimekula soko. Mahindi ya Kaniama hayafiki, samaki wa Kabondo-Dianda wanaozea njiani. Kidogo kinachoingia, sehemu kubwa inakwenda kuwalipa wazee ambao wangepaswa kuwa wamepumzika, na kinachobaki hakitoshi hata kuziba paa la zahanati. Tukiwalipa pensheni, hatutakuwa na cha kuwalipa walio kazini. Tusipowalipa, hawatatoka kazini. Tumekuwa kama treni iliyokwama katikati ya pori: wazee hawashuki kwa sababu hakuna kituo, vijana hawapandi kwa sababu hakuna kiti, na wote tunalipia nauli ya safari isiyokwenda.

Kitu kimoja tu mji haujawahi kumnyima mtumishi wake, nacho ni sanduku la kuzikiwa. Karakana ya mji iko nyuma ya ofisi, Baba Bokungu ndiye fundi, na mbao hazikosi. Akifa mtumishi, sanduku linatoka siku hiyo hiyo, na bendera, na hotuba. Lakini ni lazima afe akiwa bado ana namba.

Mnawakumbuka wazee wawili. Baba Mputu alikubali kustaafu. Tulimpigia makofi katika ukumbi huu huu, tukampa cheti chenye mhuri. Msimu wa mvua haukuisha, akafariki. Wanawe walipokuja kuomba sanduku, ofisi iliahidi kuliangalia ombi lao, kisha ikawajibu, "Huyo si mtu wetu tena." Kanisa ndilo lililochanga. Baba Tshimanga aliyaona hayo, akakataa kustaafu. Alipopooza mguu, wanawe walimleta kila asubuhi juu ya baiskeli, wakamkalisha kwenye kiti chake ahesabiwe kuwa yuko kazini, na jioni wakamrudisha. Alifia kwenye kiti kile. Mjane wake, Mama Marceline, tulipokwenda kumpa pole, alituambia akilia na kucheka pamoja: "Aliwashinda! Sanduku yake alipata!"

Sasa nimefika kwa Mama Salomé. Alipoitwa kuambiwa kwamba zamu yake ya kupumzika imefika, hakulia wala hakupinga. Alisema mbele ya wakubwa, na wengine tulikuwa mlangoni tukisikia:

"Pension haiko, najua. Minyi njo napigaka ile bajeti. Basi mbao ya sanduku yangu munipe sasa, nikiwa muzima. Bokungu atanitengenezea meza, niuzishe mikate ku soko ya kambi. Siku nitakufa, munizike mu mukeka, sitasema kitu."

Wakubwa walicheka, wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtu anayestaafu bila pensheni anahitaji kula kesho, na meza sokoni ni chakula. Aliombwa angoje jibu.

Jibu lilikuja jana adhuhuri, ndani ya hotuba hii hii. Niliiandika kwa mkono, ikapelekwa juu, ikarudi ikiwa imeongezwa mstari mmoja kwa wino mwekundu. Ilipaswa kupigwa taipu, na mjini kwetu mpiga taipu ni mmoja. Kwa hiyo, ndugu wageni, mjue kwamba hotuba ya kumuaga Mama Salomé imepigwa na Mama Salomé. Nilisoma, naye akapiga. Nilipofika kwenye sifa zake alinikatiza: "Punguza kidogo, Isaïe. Nasikia kama niko mufu tayari." Nikapunguza. Kisha nikafika kwenye wino mwekundu, nikasoma polepole: "Kuhusu ombi la Mama Salomé, tutaliangalia."

Vidole vyake vikasimama.

"Tutaangalia," alisema. "Weye unajua ile neno. Iko hapana yenye kuvala kravate ku shingo."

Nikamsomea mstari tena.

"Sanduku ya Baba Mputu pia waliangaliaka," akasema. "Haya. Mwisho nitie nukta?"

Nikamjibu, "Tia, mama."

Akatia. Mstari ule hauna kosa hata moja. Ninao hapa mkononi. Nilipaswa kuusoma, kisha nimwalike Mama aje mezani atie sahihi, tupige makofi, tunywe soda.

Mheshimiwa Mkuu wa Mji, kama ulivyoona, kwa muda sasa sisomi tena. Naomba radhi mapema, kwa sababu mimi ni mwoga. Mama yangu, Julie, aliyeketi nyuma pale na wauguzi wenzake, anajua kwamba tangu utoto huwa naomba radhi kabla ya kuitwa. Nina wadogo zangu wa kusomesha, na namba hii nimeingoja kwa njaa. Lakini nikimwalika Mama Salomé atie sahihi sasa, nitakuwa nimemwondolea kwa mkono mmoja mshahara, sanduku na meza, halafu mkono huo huo niutumie kumpigia makofi. Nitakaaje kwenye kiti chake Jumatatu? Nitawaambia nini wale watakaoketishwa kando yangu, wangoje nami nizeeke?

Sidai pensheni, kwa kuwa nimeiona bajeti. Sina elimu ya kujua pesa hizo zitatoka wapi, na wenye elimu kunizidi hawajui pia. Nasema juu ya mbao zilizoko. Ziko nyuma ya ukuta huu, zimekwisha kukatwa, na kwa vyovyote zingetoka kwa ajili ya mama huyu. Mji hautapoteza chochote kwa kumpa akiwa anaona. Utapoteza tu ile hotuba ya makaburini, na hotuba yenyewe mmekwisha kuisikia leo.

Mama Salomé, mimi ni mtoto kwako, na mtoto hamwamuru mama. Naomba tu: kalamu iliyo mezani usiishike bado. Zikitoka mbao, zikapakiwa kwenye mkokoteni, zikafika uani kwako na wewe ukazigusa, basi utie sahihi, nami nitaipokea namba yako bila kuinamisha kichwa. Zisipotoka, rudi kwenye mashine yako Jumatatu. Nitakuwa kando yako, nikikusomea.

Baba Bokungu amesimama pale mlangoni. Funguo za karakana anazo. Anangoja ruhusa ya mtu mmoja, na mtu huyo ameketi hapa mbele yetu sote, mbele ya Mchungaji na mbele ya wazee waliostaafu kabla yake.

Mheshimiwa, nakurudishia ukumbi wako. Nanyi nyote, kwa kumvumilia kijana asiye na cheo hadi neno lake la mwisho, asanteni sana.