Siku Kumi na Moja Dada Alizonyamazishwa

Ndugu waombolezaji, historia hii inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu kwa niaba ya familia, naye anaomba asikilizwe mpaka mwisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1966, mtoto wa tatu wa seremala na mkunga, alimaliza sekondari mwaka 1984, na Januari 1986 akaajiriwa kuwa mpokea simu wa kiwanda cha sabuni, ambako kwa miaka thelathini na moja wateja waliijua sauti yake kuliko sabuni yenyewe. Tarehe 4 Desemba 1993 alifunga ndoa na dereva wa kiwanda hichohicho, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2012, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2017 misuli yake ilianza kulegea, ulimi ukafuata, na kufikia Agosti 2019 hakuweza hata kuomba maji. Machi 2021 fundi wa vifaa vya hospitali alimbandika vibandiko vya mashine ya kusemea juu ya nyusi, ambako msuli mmoja ulikuwa bado unamtii, na kila ulipocheza mashine ilichagua herufi, kisha ikayasoma maneno kwa sauti. La kwanza kusema lilikuwa: "Chai ina sukari mno, mwaka wa pili huu."

Tarehe 12 Juni 2022 wenzake wa kazini walikuja kumjulia hali, kaka akawa anawasimulia jinsi anavyokesha akimgeuza mgonjwa, mashine ikasema taratibu: "Anayenigeuza ni binti yangu. Kaka hugeuza stesheni za redio." Watu walicheka mpaka machozi, kaka akacheka nao, na walipoondoka akavibandua vile vibandiko, akamwambia mpwa wake kuwa mashine imeharibika. Siku kumi na moja dada alimtazama, naye kaka alikula, akalala.

Fundi alipokuja hakuona hitilafu yoyote, akauliza imekuwaje, kaka akainamia sakafu, na marehemu, alipobandikwa tu, akamjibia: "Betri iliisha."

Marehemu hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki juzi alfajiri kwa kushindwa kupumua, wala kaka hakuwahi kumwomba radhi. Anaiomba leo, mbele ya mpwa wake, ambaye anausikia ukweli huu kwa mara ya kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfulia shuka, wafanyakazi wenzake, na yule fundi, ambaye alielewa na hakusema.

Pumzika kwa amani, dada, uliyemsitiri aliyekunyang'anya sauti.