Bi Bertila Ngollo, Aliyefundisha Haki Majumbani

Bi Bertila Ngollo, tuliyemsindikiza leo hapa Ipuli, alizaliwa Puge, Nzega, tarehe 14 Agosti 1921, binti wa pili wa Mzee Ngollo Mahona na Bi Minza. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Angeendelea, ila wazee waliona inatosha.

Mwaka 1941 alifunga ndoa na Bwana Anton Luhende, mfanyakazi wa reli. Waliishi Tura, stesheni ambayo, kwa maneno yake, treni ikishapita unabaki wewe na kuku wako. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mwaka 1958 walihamia Ipuli.

Baada ya Uhuru marehemu alijitolea kufundisha watu wazima kusoma. Lakini waliomkaa moyoni ni vijana walioacha shule, hasa mabinti waliowekwa ndani. Hao hawakuweza kuja darasani, basi darasa likawafuata. Kila wiki alipeleka somo moja la haki za binadamu. Kijana alilisoma nyumbani, akamuuliza mzazi swali la mwisho wa somo, kisha akampa jibu alipopita tena. Wazazi wengine walijibu kwa maneno, wengine kwa kiatu.

Mwaka 1972, Sheria ya Ndoa ikiwa bado mpya, somo lilihusu haki ya binti kuulizwa kabla ya kuozwa. Mwanafunzi wake mmoja, Swaumu wa mtaa wa Gongoni, alirudisha somo bila jibu. Posa yake ilikwisha kupokelewa, na hakuthubutu kumuuliza baba yake.

Baba huyo, Bwana Shomari, fundi cherehani, alikuwa Mzaramo, mjukuu wa mpagazi aliyekuja na misafara ya pwani. Tangu enzi za misafara hiyo Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hafukuzwi wala hakasirikiwi. Marehemu, naye Mnyamwezi, alichukua mkeka wake, akaenda kuutandika katikati ya mlango wa Shomari, akaketi.

"Mzaramo, leo umenipikia nini?"

"Nimekupikia njia. Inuka uifuate."

"Siinuki. Binti huyu ni wetu sisi watani. Hatoki hapa mpaka umuulize nami nikisikia."

Majirani walikusanyika barazani wakicheka. Yeye hakuwa na raha hata kidogo. Baadaye alimwambia mumewe kwamba utani unaruhusu kudai kuku wa mtu, si kuzuia harusi yake. Shomari angechukia, binti angefungiwa, na hakuna nyumba ambayo ingempokea tena na masomo yake.

Shomari aliacha kucheka. Akamwita bintiye.

"Swaumu, huyu bwana unamtaka?"

"Hapana, baba. Naomba nimalize masomo kwanza."

"Haya. Nimesikia."

Posa ilirudishwa jioni ile. Na Shomari, tuliyedhani amefedheheka, alipumua kama mtu aliyetua gunia. Kumbe posa aliikubali kwa haya tu, kwa kuwa mposaji alikuwa mtu mzito, naye hakujua ajitoeje. Alimletea marehemu kuku wawili bila kudaiwa. Kuanzia hapo milango ya Gongoni ilifunguka, na leo Swaumu mwenyewe anapeleka masomo hayo.

Mwaka jana marehemu alianza kusumbuliwa na figo. Aliteseka, hatuwezi kuficha, na tunashukuru kwamba mateso hayo yamekwisha. Wiki ya mwisho ukoo ulikuwa umeshapanga kumzika Puge, kwa wazee wake, kama ilivyo desturi. Mwanawe mkubwa, Luhende, aliinama kitandani akamuuliza, "Mama, ungependa kulala wapi?"

Alifumbua macho. Sura yake yote ikalegea, tukaona wazi kwamba hilo ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi.

"Nilidhani hamtaniuliza," akasema. "Hapa hapa Ipuli."

Alifariki dunia tarehe 9 Machi 1978, akiwa usingizini. Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja, mtani wake Shomari, na vijana wengi aliowafundisha.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mama yetu na apumzike kwa amani, mahali alipopachagua mwenyewe.