Mlango wa Kwa Wakwe

Kwenye benchi la mbele ya karakana ya Wilfried, fundi wa kuchomea vyuma pale mjini Baraka kando ya ziwa, kahawa hunywewa polepole na mambo ya watu huamuliwa haraka. Jumamosi ile kesi ilikuwa mlango wa chuma uliolazwa sakafuni, kona moja imeinuka kiasi cha kupitisha vidole vitatu. Wilfried aliutengeneza kwa ajili ya nyumba mpya ya baba yake Ketsia, mchumba wake, na saa kumi jioni wazee wa pande zote mbili wangekutana humo kuongea mambo ya ndoa. Angeombaje binti wa watu kwenye mlango usiofungika?

— Jana nilipima pembe zote, zilikuwa sawa, alisema. Kumaliza kuchomea, umejipinda.

— Ile chuma ilikuya na boti toka Kazimia, alisema Mutambo kutoka benchini, aliyeitwa Injenia ingawa hajawahi kushika nyundo. Mawimbi yaliingia ndani.

— Uongo, akasema jirani yake benchini, Nicolas, aliyeitwa Redio kwa kuwa hanyamazi. Chuma ikisikia inaenda kwa bakwe, inaogopa. Hata mi, siku yangu, suruali ilipasuka.

— Suruali yako ilikuwa ya chuma? akauliza Injenia.

— Ilikuwa nguvu kuliko hii.

— Basi bapinde ukuta kidogo, akaamua Injenia. Nyumba ifuate mulango.

Wilfried alicheka, kisha akajichukia kwa kucheka. Ndipo Ketsia akafika, futi ya ushonaji ikining'inia shingoni. Baba yake alimtuma aulize mlango uko wapi. Akauona, akainama.

— Ulianzia wapi kuchomea?

— Hapa juu. Nikateremuka moja kwa moja mupaka chini, kisha nikazunguka.

— Bila kushikiza pembe zingine? Mi nikishona hivyo, nguo inavutwa upande mumoja. Moto haivute chuma?

Wilfried alilijua jibu: fundi aliyemfunza kazi kule Nundu alimfundisha kushikiza pembe nne kwanza kwa moto kidogo, kisha kuchomea kidogo huku, kidogo ng'ambo, chuma kikipoa. Alijua, ila furaha ya ndoa ilimharakisha. Aliona aibu, na akampenda zaidi.

— Nitakata, nianze upya. Kama saa kumi itafika haiko tayari?

— Bataingia bila mulango, alisema Ketsia. Mi niko nangojea we, si mulango.