Chumba cha Watoto Kifunguliwe: Risala ya Wafungashaji wa Chai, Chang'ombe

Mgeni rasmi, Mama Elieth, unayewawakilisha wanunuzi wa chai yetu, Meneja wetu, Bwana Batholomeo, msimamizi wetu, Kaka Hanifu, shikamooni. Wenzetu wa kiwandani, hamjambo.

KARIBU CHANG'OMBE

Tumefurahi umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Chai hii huchumwa nyanda za juu kwenye baridi, kisha huja kwetu Dodoma kwenye jua na vumbi. Sisi ndio tunaoifunga kwenye pakiti. Tumesikia kwamba siku hizi wanunuzi hamuulizi ladha peke yake, mnauliza pia mfungashaji na watoto wake wanaishije. Basi tunakujibu.

TULIKOTOKA

Zamani mwenye mtoto mchanga aliacha kazi, au alimwacha mtoto kwa jirani, na maziwa yakamlowesha blauzi akiwa mezani. Tukaomba chumba. Meneja akatupa stoo ya maboksi matupu. Tukaisafisha, tukatandika mikeka, na Bibi Arafa, aliyekuwa mfungashaji mwenzetu, akakubali kulea. Tangu hapo hakuna mama aliyeacha kazi kwa ajili ya kunyonyesha, na kazi ilikwenda vizuri. Meneja ni shahidi.

LILILOTUPATA

Mgeni rasmi, hatutakuficha. Majani ya chai hushika harufu yoyote iliyo karibu, ndiyo maana hatujipaki manukato tukija kazini. Msimu wa baridi uliopita mtoto wa mwenzetu Sabiha alibanwa kifua. Sabiha akamnyonyesha, akamchua kwa dawa ya kifua yenye harufu kali, akarudi mezani bila kunawa vizuri. Chai ile ikaenda madukani. Mwenye duka mmoja wa Miyuji akapiga simu: "Jamani, hii ni ya kunywa au ya kujipaka?"

Tulicheka, hata Kaka Hanifu alicheka. Kisha mzigo wote ukarudishwa, na kicheko kikaisha. Chumba kikatiwa kufuli.

Kosa lilikuwa letu, tunalikubali. Lakini waliofungiwa mlango ni watoto.

TULIYOREKEBISHA

Hatukukaa kulia. Sasa kila mama ana khanga yake ya kunyonyeshea na koti lake la mezani, na hivyo viwili havikutani. Tumeweka beseni na sabuni isiyo na harufu. Dawa za watoto atazipaka Bibi Arafa peke yake. Na kabla mama hajarudi mezani atampa Bibi Arafa mikono ainuse. Tulipofanya majaribio uani, alimwambia mwenzetu Tumsifu, "Wewe mwanangu unanuka karanga, rudi ukanawe." Tumsifu akasema ni za jana. "Za jana ndizo zinazonuka, nenda!" Akaenda. Kwa hiyo tuna hakika kosa lile halitarudi.

OMBI LETU

Tunalo moja tu. Tulipomwomba Meneja afungue, alisema, "Wanunuzi wakikubali, mimi sina neno." Mgeni rasmi, wanunuzi ndio wewe uliyekaa hapa. Hatuombi uchague kati ya chai safi na watoto wetu. Vyote viwili tunaviweza.

Wengi wetu tumepata majirani wa kutushikia watoto. Sabiha alisaidiwa na mdogo wake, lakini huyo mdogo amerudi Chemba kulima. Sasa hana wa kumwachia mtoto, na nafasi yake inashikiliwa mpaka leo jioni. Kesho anaingia mwingine. Hivi sasa amesimama getini, mtoto mgongoni, kwa sababu mtoto haruhusiwi kupita. Ukigeuka kidogo utamwona. Ukisema ndiyo, tutamwita aingie sasa hivi, na Bibi Arafa yuko tayari kumpokea mtoto.

Mungu akufikishe nyumbani salama, uwakute wanao wazima, na chai yetu isikupungukie.

Ni sisi,
Wanawake Wafungashaji wa Chai, Chang'ombe, Dodoma.
Imesomwa kwa niaba yao na Evarista.